Spinachi ya Langoni

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya watu wote wa nyumba hii waliocheka mpaka wakashika mbavu, nachukua nafasi hii kuutangazia ukoo kwamba suruali ya kaki ya mdogo wako, iliyozitumikia mboga kwa miaka tisa bila likizo, ilifariki ghafla Jumanne iliyopita saa nne asubuhi katika ajali ya kuinama. Marehemu ilipasuka kuanzia kwenye mkanda hadi karibu na goti, mbele ya wageni sita waliokuja kutembelea kituo chetu cha utafiti. Imeacha mgane mmoja, ambaye ni mimi, na vifungo vitatu. Wifi yako amekataa kuishona. Anasema ameshaishona mara tano, na kwamba shida si uzi, shida ni tumbo.

Baada ya msiba huo, shikamoo dada. Nina imani barua hii itakukuta na nguvu zako, na ule mguu unaokusumbua ukipanda ngazi umeanza kusikia dawa. Shemeji naye vipi, kikohozi kimemwacha, au bado anakataa kwenda kupimwa kwa madai kwamba kikohozi chake ni cha ukoo? Mpe salamu zangu, umwambie kikohozi hakirithiwi kama shamba. Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, na ndiye aliyekuletea barua hii kwa mkono wake, kwa sababu anasema angeniachia mimi niitume, ingekufikia ukiwa umeshapata vitukuu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Najua umekereka kwamba sijajibu. Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu nimekuuliza habari za mguu, za shemeji na za mvua, kisha nikakwambia mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika, dada. Mimi kwenye simu ni hodari wa porojo. Ukiniuliza jambo zito natupa mzaha mmoja, unacheka, na jambo linapita pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba. Karatasi haicheki. Ndiyo maana leo nimekaa nayo mezani tangu mchana, na wifi yako amekaa kiti cha pili, anamenya viazi na kuangalia kama kalamu inatembea.

Uliniandikia kwamba msimamizi wa jiko la hospitali amerudisha kreti zenu zote za mboga, akasema wagonjwa wake si mbuzi wa kujazwa majani matupu. Uliniandikia kwamba wale akina mama kumi na wanne wa bustani, ambao miaka miwili iliyopita ulibeba nao mchanga kwa ndoo kujenga lile chujio la maji, sasa wanakuita Mama Klorini, wengine nyuma ya mgongo wako na wengine mbele ya uso wako. Na kwamba Jumamosi hii mnakutana kuamua kama mlifunge chujio na kurudi kumwagilia maji ya mfereji kama zamani, maana wanaona wanajichosha bure kwa kitu kinachoua vitamini. Halafu ukaniuliza swali moja tu, ukalipigia mstari chini: wewe mdogo wangu ndiye uliyezikata zile mboga za utafiti kwa mkono wako, je, ni kweli maji yetu yanafanya mboga kuwa tupu? Ukataka nijibu kwa lugha nyepesi, ili uwasomee.

Sijasahau mwaka ule kabla ya chujio, watoto wa bustani walivyokuwa wakiharisha kwa zamu, na yule mjukuu wa katibu wenu alivyolazwa siku kumi na moja mpaka watu wakaanza kuongea kwa sauti ya msibani. Kwa hiyo najua vizuri mnachokwenda kuamua Jumamosi.

Basi nianze mwanzo. Kituo chetu kilitaka kujua kama kusafisha maji ya kumwagilia kunabadilisha lishe iliyomo ndani ya mboga. Tukatenga mafungu matatu ya matuta ya spinachi: mbegu moja, udongo mmoja, mbolea moja, siku moja ya kupanda. Fungu la kwanza liko langoni, na linamwagiliwa maji ya mfereji yaliyosafishwa kwa njia ileile yenu. Yanatuama kwenye bwawa mpaka tope likae chini, yanapita kwenye pipa la mchanga, yanatiwa klorini kwa kipimo, kisha yanalala kwenye tangi lililo wazi hadi harufu iishe. Fungu la pili liko katikati, linapewa maji ya mfereji kama yalivyo, pamoja na siri zote za mji. Fungu la tatu liko karibu na mlango wa maabara, linakunywa maji ya bomba kama mtoto wa waziri.

Kila Jumatatu, kwa wiki kumi na mbili, kazi yangu ilikuwa kukata majani ya mafungu yote matatu na kuyapeleka maabara. Huko yuko mama mmoja tunayemwita Mama Mizani, kwa sababu hupima kila kitu, hata salamu. Ukimwamkia harakaharaka anakutazama kama mtu aliyepunjwa. Yeye alipima vitu vitatu: vijidudu vilivyoshika kwenye majani, madini ya chuma, na vitamini C. Majibu yakaja hivi. Kwa vijidudu, fungu la mfereji lilijaa kama uwanja wa mpira siku ya fainali, na fungu la langoni lilikuwa karibu sawa na la bomba. Kwa chuma, mafungu yote yalilingana. Kwa vitamini C, spinachi ya langoni, yaani ya maji kama yenu, ilikuwa nyuma ya wenzake kwa karibu theluthi.

Hapo hasira zikaanza, na sijapumzika tangu siku hiyo. Ile ripoti ina kurasa arobaini na mbili. Watu wamesoma mstari mmoja. Mtangazaji wa redio aliutangaza asubuhi, mchana na jioni, katikati ya habari za mpira na tangazo la sabuni, kwamba maji ya dawa yanaua vitamini. Mkuu wetu wa kituo, kijana nadhifu anayependa michoro ya rangi kuliko chakula, alikuwa ameandika kwamba huenda klorini inahusika. Lile neno "huenda" lilibaki ofisini kwake likinywa chai. Halikufika redioni. Wiki hiyohiyo fundi cherehani, jirani yetu, akanisimamisha njiani kunielimisha, mimi niliyezikata mboga zenyewe, kwamba siku hizi jani salama ni lile lenye funza, maana funza hapotezi muda wake kwenye kitu kisicho na vitamini. Nikamuuliza kama na yeye hushona nguo kwa ushauri wa nondo. Hatujasalimiana tangu hapo.

Na kuhusu vijidudu, kimya. Hakuna aliyeuliza. Mtu yuko tayari kula jani lililooshwa na choo cha mji mzima, anafuta mdomo, anashukuru kwamba vitamini imo. Hata humu ndani mwangu sikupona. Wifi yako alikwenda sokoni, akamuuliza muuzaji mbele ya watu spinachi ipi ni ya maji ya dawa na ipi ni ya mfereji, akachukua ya mfereji. Nikamwambia huo ni wazimu. Akanijibu kwamba yeye hana elimu ya mambo hayo, anafuata tu utafiti wa mume wake. Kisha akaniwekea sahani.

Nikapanda hadi ofisini kwa Mkuu nikiwa nimevimba kama andazi. Nikamwambia huwezi kumtupia mtu mstari mmoja wa vitamini ukamfichia ukurasa mzima wa vijidudu. Nikamwambia kuna wanawake waliobeba mchanga kichwani kwa ushauri wa kituo hikihiki, na kwamba mmoja wao ni dada yangu. Akanisikiliza vizuri, maana adabu anayo, kisha akasema hana ugomvi na mtu. Yeye anasoma namba, na namba zinatoka kwenye daftari langu la shamba, ambalo ndilo safi kuliko yote kituoni. Akalifungua, akanionyesha mwandiko wangu kama vile sijawahi kuuona. Akasema laiti vijana wangejifunza kuandika hivi. Nikashuka ngazi nimenywea. Ukiona mtu ameingia mahali na hasira, akatoka na sifa, na bado roho haijatulia, jua lipo jambo.

Barua yako ilipofika, wiki hiyohiyo, Mama Mizani akaniita wakati wa chakula cha mchana. Huyu mama hajawahi kucheka mzaha wangu hata mmoja. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja na meno yake nimeyaona mara moja tu, siku alipotoka kung'olewa moja. Akaniambia kuna kitu kinamkwaza. Chuma kiko sawa, iliyopungua ni vitamini C peke yake. Akasema chuma hakina miguu. Kinakaa ndani ya jani hata ukilisahau wiki nzima. Vitamini C inayo miguu. Jani likishakatwa inaanza kuondoka, na kwenye joto inakimbia. Akasema pia kwamba majani ya langoni karibu kila Jumatatu yalimfikia yamelegea. Nikamwambia labda yamechoka na safari, maana langoni ni mbali. Akasubiri nimalize kucheka peke yangu, kisha akaniuliza niliyakata saa ngapi, na kwa zamu ipi.

Nikamjibu kwamba zamu ilipangwa kwa kura, kama daftari linavyosema. Maelekezo ndivyo yanavyotaka. Kila Jumatatu unatia vikaratasi vitatu kwenye kopo, unachomoa kimoja kimoja, na fungu linalotoka kwanza ndilo linalokatwa kwanza, ili lisiwepo fungu moja linalosubiri kuliko wenzake wiki zote. Mama Mizani akalivuta daftari, akashusha kidole taratibu kwenye safu ya kura, toka juu hadi chini. Kisha akasema kura zangu zina adabu sana. Kwenye wiki kumi za mwisho hakuna fungu hata moja lililotangulia mara mbili mfululizo. Akasema yeye amezaa watoto wanne, wote wasichana, na bahati haijawahi kumpangia zamu. Nikamwambia naitwa na Mkuu, nikaondoka. Sikuwa nimeitwa na mtu.

Dada, nimetafuta mchawi kwa wiki nyingi. Nimemtafuta redioni, nimemtafuta jikoni hospitalini, nimemtafuta hadi kwenye cherehani ya jirani. Nimezunguka mtaa mzima nikarudi kumkuta kwangu, amevaa viatu vyangu. Kuanzia hapa wasomee akina mama neno kwa neno.

Kura nilizipiga kweli wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu kopo likaniambia nianzie maabara, nirudi langoni, nimalizie katikati. Ni hatua mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, ndoo mkononi, na haya magoti unayoyajua. Nikajiambia kura ni karatasi tu, spinachi haijui nani ametangulia. Tangu Jumatatu hiyo nikaanzia langoni kila wiki, kwa sababu ndipo ninapoingilia, ndipo ninapoegesha baiskeli, na ndipo kwenye kivuli cha ukuta. Saa moja asubuhi majani ya langoni yalikuwa yameshakatwa, yamo ndani ya ndoo. Barafu ilikuwa bado. Jokofu la maabara liliharibika mwanzoni mwa msimu, kwa hiyo tulimtegemea muuza barafu, naye hufika saa tatu kamili. Hayo masaa mawili nilikaa na mlinzi tukinywa chai ya chupa na kubishana mpira, ndoo ikiwa pembeni yetu. Jua likipanda, kivuli kilikuwa kinasogea kuelekea ukutani. Nilivuta stuli yangu kukifuata. Ndoo sikuivuta.

Barafu ikifika nakurupuka, nakata majani ya katikati na ya maabara harakaharaka, yanaingia kwenye barafu yakiwa yametoka tu kwenye kisu. Ya langoni nayo natia, lakini yalikuwa yameshapikwa nusu. Kisha nabeba yote kwa Mama Mizani. Jumatatu kumi, dada. Na kila Jumatatu, kikombe mkononi, nilijaza safu ya kura kutoka kichwani mwangu, nikichanganya vizuri ili ionekane ya kweli, nikaweka sahihi chini. Mlinzi aliwahi kuniuliza naandika nini, nikamwambia naandika sayansi.

Siku nne baada ya kumkimbia Mama Mizani nilirudi nikamweleza. Hakunifokea. Alinipa kopo. Jumatatu mbili zilizopita kura amepiga yeye mwenyewe, na barafu imekuwepo kabla ya kisu. Vitamini C ya langoni imekaa bega kwa bega na ya bomba; tofauti ni ndogo kiasi kwamba Mama Mizani amekataa kuiita tofauti. Kisha tukachukua majani ya bomba, yale ya mtoto wa waziri, tukayaacha ndani ya ndoo langoni masaa mawili, juani. Yakarudi yamepungukiwa karibu theluthi. Karatasi ya vipimo hivyo, yenye sahihi yake, imo ndani ya bahasha hii. Amenikanya nisitie chumvi. Wiki mbili si kumi na mbili, na hatuwezi kudai kwamba maji yenu yanaongeza chochote. Tunachoweza kusema ni kwamba ile ripoti haina haki ya kusema yanapunguza. Kuhusu vijidudu akasema hana shaka hata kidogo, kwa sababu ndoo iliyokaa kwenye joto ingeviongeza, na hata hivyo majani ya langoni yalikutwa safi. Alilirudia hilo mara mbili, akataka nikuandikie: chujio lenu linafanya kazi liliyojengewa.

Jana nilimweleza Mkuu. Alifunga mlango, akaniuliza nani mwingine anajua. Akasema ripoti imeshatoka na jina lake ndilo lililo juu. Tutaisahihisha msimu ujao, polepole, kwa maelezo madogo chini ya ukurasa. Nikamwambia akina mama hawaamui msimu ujao, wanaamua Jumamosi. Akatembea hadi dirishani, akarudi. Akasema kama ni hivyo basi nitaandika kwa jina langu, si kwa jina la kituo, na nijiandae kupokea barua yangu na mimi, ya kuachishwa kazi. Amenipa mpaka Jumatatu nifikiri. Si mtu mbaya, dada. Ana hofu tu, na hofu hiyo nimempelekea mimi mlangoni kwake.

Wifi yako nilikuwa nimemwambia juzi. Aliuliza tumekula spinachi ya mfereji wiki ngapi. Nikasema kama sita. Akainuka akaenda kufungasha mzigo wa safari ya kwako, bila kuniuliza kama nimeshaandika barua.

Sasa, nakujua wewe. Utafungua bahasha mbele ya wenzako, utasoma vizuri mpaka ufike kwenye jina langu, halafu sauti itapungua na macho yataruka mistari. Utawaambia barafu ilichelewa. Utawaambia jokofu liliharibika. Tulipokuwa wadogo nikivunja kitu, ulikuwa unatangulia kusema ni wewe, kwa sababu ulisema wewe una mgongo mgumu. Muuza barafu hajachelewa hata siku moja. Jokofu halikujaza daftari. Safari hii naomba usinibebe. Jumamosi saa nne nitakuja mwenyewe, na maswali yao nitayajibu nikiwa nimesimama. Barua nimeitanguliza makusudi, ili nikifika nikute maneno yameshasemwa na nisiweze kuyageuza kuwa mzaha.

Ningeweza kuishia hapo, nawe ungeniona mvivu, na uvivu wangu ukoo ulishausamehe zamani. Lakini lililo zito bado sijakwambia. Nimekuandikia kana kwamba Mama Mizani ndiye aliyenifumbua macho. Si kweli.

Siku majibu yalipotoka, wiki saba zilizopita, tuliitwa chumba cha mikutano, watu wanane, jedwali likatundikwa ukutani. Niliisoma namba ya langoni, na kabla sijaifikisha mwisho niliiona ile ndoo juani. Nilijua palepale. Mkuu akanigeukia mbele ya wote, akaniuliza kama kuna lolote la shambani linaloweza kueleza tofauti hiyo. Akasema nisiwe na haraka, nifikiri kwanza. Nilifikiri. Nilifikiria watakavyonicheka, nikafikiria miaka niliyobakiza kazini, nikafikiria lile daftari safi. Wewe sikukufikiria. Nikamjibu kwamba kila kitu kilifanyika kama maelekezo yanavyotaka. Akaandika jibu langu. Wakati huo ripoti ilikuwa haijachapwa, redio ilikuwa haina habari, na kreti zenu zilikuwa zikipokelewa hospitalini kila asubuhi. Sentensi moja ingetosha. Niliombwa niiseme, kwa upole, nikiwa nimepewa muda, nami sikuisema. Zile hasira zote nilizokusimulia juu, za redio na fundi cherehani na Mkuu, nilikuwa nazo nikiwa tayari najua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nisalimie shemeji na watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Nisalimie akina mama wa bustani, hata wale ambao baada ya kusikia haya hawatazitaka salamu zangu. Wifi yako apumzike kwako siku mbili tatu, amechoka na mimi. Kwa leo kalamu naiweka chini. Tuonane Jumamosi, tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako,
mkata spinachi wa kituo.